Vasi langu la Mdina lina saini chini ila ndani kuna ukungu, je nimepigwa?

"Habari mtaalamu. Mimi ni Mtanzania, naishi Southampton huku Uingereza, nimeanza kukusanya mavasi ya kioo yaliyotengenezwa kwa mkono. Nanunua kwenye maduka ya chariti na yale masoko ya Jumapili watu wanafungua buti za magari wanauza vitu vya nyumbani. Mwezi uliopita nimepata moja zito, la bluu na kijani lenye michirizi ya rangi ya mchanga, chini limeandikwa Mdina kwa mkono, hakuna mwaka wala jina la mtu. Muuzaji akaniambia ni kazi ya Michael Harris mwenyewe, nikatoa pauni 60. Nilivyofika nyumbani nikaliosha, lilipokauka nikaona ndani kuna ukungu mweupe na hautoki kwa sabuni. Mume wangu anasema nimeuziwa mbuzi kwenye gunia kwa sababu kitako ni laini kabisa, eti kioo cha mkono lazima kiwe na kovu chini na mapovu ndani. Jirani anasema nilitie kwenye mashine ya kuoshea vyombo litatakata. Je ni feki? Ukungu unatoka? Na niendelee kukusanya au niache? Nia yangu siku moja nirudi nayo Dar."

Dada yangu, kabla ya yote, usilitie hilo vasi kwenye mashine. Jirani ana nia njema lakini hilo ndo jambo moja kwenye barua yako ambalo ukishalifanya halirudi nyuma, nitakueleza sababu huko chini. Mengine yote yanaweza kusubiri, ilimradi lisikae na maji ndani.

Sasa nikisoma swali lako naona kuna maswali matatu yamefungwa fundo moja. La kwanza, je limetengenezwa kwa mkono? La pili, je limetoka Mdina, ile karakana ya kioo ya Malta? La tatu, je ni la mkono wa Michael Harris, mwanzilishi wake? Muuzaji ameona neno Mdina akaruka moja kwa moja mpaka la tatu, mumeo naye ameona kitako laini akakataa mpaka la kwanza. Wote wawili wameenda mbio. Kioo chenyewe kinaweza kukujibu vizuri sana la kwanza, la pili kinakusogeza karibu, la tatu mara nyingi hakikujibu kabisa na lazima ukubali kuishi hivyo.

Tuanze na kitako maana ndipo mabishano ya nyumbani kwenu yalipo. Fundi wa kioo anachota kioo kilichoyeyuka kwenye tanuri kwa ncha ya bomba refu la chuma, kiko kwenye nyuzi joto elfu moja na zaidi, kizito kama asali, inabidi azungushe bomba muda wote la sivyo kinaning'inia na kudondoka. Anapuliza, anarudisha motoni, anavingirisha juu ya meza ya chuma, anaokota rangi, anachota tena kioo kisicho na rangi juu yake. Ikifika zamu ya mdomo wa chombo anapata shida, kwa sababu upande wa mdomo ndo umeshikwa na bomba. Basi msaidizi wake analeta fimbo ya chuma yenye tone la kioo cha moto, inagandishwa chini kwenye kitako, chombo kinatenganishwa na bomba, na sasa kinashikiliwa kwa chini huku mdomo ukipashwa moto na kufunguliwa. Kazi ikiisha fimbo inagongwa, chombo kinachomoka, na pale ilipokuwa imeshika panabaki kovu. Hilo ndo kovu analolisema mumeo, yupo sahihi kwamba lipo. Alichosahau ni kwamba kovu likiachwa hivyo hivyo linakwaruza meza, kwahiyo mafundi wengi wanalisaga. Wengine wanalisaga katikati tu, unabaki mduara uliobonyea kidogo na kung'aa, wengine wanasaga kitako chote kikawa bapa kama sahani. Vyombo vingi vya Mdina utavikuta vimesagwa bapa namna hiyo, ndipo wanapopata mahali pa kuandika saini. Kwahiyo ulaini wa kitako peke yake haujakukosesha kitu.

Na hayo mapovu naomba tuyazike leo. Povu ndani ya kioo linaweza kuwa ni kioo ambacho hakikuiva vizuri tanurini, linaweza kuwa limewekwa kwa makusudi kama pambo, na linaweza kuwemo kwenye kioo cha kiwandani cha bei chee kabisa. Fundi hodari anaweza kukutolea chombo kisicho na povu hata moja. Vilevile uzito, watu wanapenda kusema ni kizito basi ni cha maana, hapana, uzito unakuambia tu kioo kimetumika kingi. Hata tochi za UV, zile za mwanga wa zambarau, nazo zimeleta fujo, mtu anamulika, kioo kinawaka kijani anasema ah hii ni Murano, kile kisiwa cha Italia chenye sifa ya kioo, kumbe kinachowaka ni madini yaliyomo, manganizi inawaka kwa unyonge, urani inawaka kwa nguvu, na madini hayo yametumika nchi nyingi.

Unataka kujua kama ni mkono? Ingiza kidole mdomoni mwa vasi, kingine kiwe nje, zungusha, sikilizia unene. Kioo cha mkono ukuta wake huwa unapanda na kushuka kidogo. Angalia mdomo, ule uliomaliziwa motoni una ukingo wa mviringo laini, kama umeyeyuka kidogo. Ukikuta mdomo umekatwa bapa na kingo zake kali jiulize mara mbili, inawezekana ni mtindo wa fundi, ila inawezekana pia palimeguka mtu akasaga kuficha. Kisha tafuta mistari miwili iliyonyooka kutoka juu mpaka chini pande mbili zinazotazamana, hiyo ni alama ya kalibu, yaani kile chombo cha kuumbia kinachofungwa kuzunguka kioo cha moto. Na hapo pia usikimbilie kusema feki, maana kuna kioo kinachopulizwa kwa mdomo ndani ya kalibu. Whitefriars, kiwanda cha kioo cha London, walifanya hivyo, mbunifu wao Geoffrey Baxter alitengeneza kalibu kwa magome ya miti na misumari, toleo lile la mwaka 1967, kiwanda kikafungwa 1980 na leo watu wanavigombania minadani. Ni kazi nzuri sana ila ni kazi ya kiwanda, na wewe ukisema unakusanya kioo cha studio, yaani kile ambacho msanii anakipuliza mwenyewe kwenye karakana yake, inabidi ujue tofauti hiyo iko wapi.

Tofauti yenyewe ina historia na naipenda. Mpaka katikati ya karne ya 20 kioo kilikuwa mali ya viwanda, msanii alichora karatasini na mafundi wa kiwandani wakapuliza, msanii mwenyewe hakugusa bomba. Mwaka 1962 Harvey Littleton, mwalimu wa ufinyanzi kutoka Wisconsin, aliitisha warsha mbili pale kwenye makumbusho ya sanaa ya Toledo, Ohio, nia yake kuonyesha kwamba mtu mmoja mwenye tanuri dogo anaweza kuyeyusha na kupuliza kioo chake mwenyewe. Mchanganyiko wa kwanza ukawagomea, akaja Dominick Labino, mtaalamu wa viwandani, akawaambia wayeyushe gololi za kioo zinazotumika kutengenezea nyuzi za kioo, na ikakubali. Moto ule ukavuka bahari, Sam Herman akaja nao London, na pale chuo cha sanaa cha Royal College of Art alikuwepo mwalimu wa kioo anaitwa Michael Harris ambaye alipoona mtu anapuliza peke yake kwenye kitanuri akili yake ikabadilika.

Harris akaenda Malta, mwaka 1968 yeye na Eric Dobson wakafungua Mdina Glass kwenye uwanja wa zamani wa ndege za jeshi la Uingereza, Ta' Qali. Rangi unazozielezea ndo zile zile, bluu na kijani cha bahari na ule mkanda wa mchanga ambao wanaupata kwa chumvi za fedha. Sasa sikiliza vizuri hapa maana pauni zako 60 ziko hapa. Harris aliondoka Malta 1972, mwaka uliofuata akafungua studio yake Isle of Wight, hapo ng'ambo tu kwako ukipanda feri. Mdina haikufungwa, iliendelea na inaendelea, na iliendelea kutengeneza maumbo aliyoyabuni, hata lile vasi lake maarufu linaloitwa Fish, yaani samaki. Na hata siku alizokuwepo kulikuwa na timu nzima, mafundi wa Kitaliano na vijana wa Kimalta waliokuwa wanafundishwa kazi. Kwahiyo neno Mdina chini ya chombo linasema limetoka kwenye karakana hiyo, halisemi ni mkono wa nani wala mwaka gani. Vipande ambavyo Harris alivisaini kwa jina lake akiwa Malta ni vichache sana, na muuzaji mwenye kipande cha namna hiyo hakipangi mezani Jumapili bila kupiga kelele.

Saini yenyewe inaweza kuwa imeongezwa? Inawezekana, saini ya kioo ni mkwaruzo tu wa kalamu ya almasi au kijimashine kidogo, yeyote anaweza. Chukua kioo cha kukuzia, angalia kitako kwa mwanga wa pembeni. Chombo kilichokaa mezani miaka mingi kina mikwaruzo midogo midogo inayoenda kila upande, na baadhi inatakiwa ipite juu ya herufi, kwa sababu herufi zilikuwepo kabla ya mikwaruzo. Ukiona herufi nyeupe kali zimekaa juu ya mikwaruzo yote, au mikwaruzo yote inaelekea upande mmoja kama imepigwa msasa, hapo shtuka. Lakini mi nakuambia ukweli, kwa Mdina ya kawaida sina wasiwasi sana na saini za kughushi, faida yake ni ndogo mno. Kinachotokea mara nyingi ni hicho kilichokupata, chombo halali kinapewa baba asiye wake ili bei ipande. Kama vasi lako ni la umbo la kawaida na lina ukungu, pauni 60 naona umezidishiwa, ila hujatapeliwa kitu cha bandia. Siku nyingine kabla ya kutoa hela angalia bei zilizolipwa kweli minadani, usiangalie bei wanazotangaza watu, mtu anaweza kutangaza chochote.

Haya, ukungu. Kuna vitu viwili tofauti vinavyofanana kwa macho, kimoja kinatoka, kingine hakitoki kwa kuosha, na ukivichanganya unaweza kuharibu chombo kizima.

Cha kwanza ni ule ukoko mweupe unaouona ndani ya jagi lako la kuchemshia maji. Maji ya kusini mwa Uingereza yana chokaa nyingi, mtu akiweka maua, maji yakakauka taratibu, chokaa inabaki imegandia ukutani. Iko juu ya kioo, haijakigusa chenyewe. Cha pili ndo kibaya, wakusanyaji wanauita ugonjwa wa kioo. Kioo cha kawaida ni mchanga uliochanganywa na magadi ili uyeyuke kirahisi, na chokaa ili kiwe kigumu. Yale magadi hayajatulia moja kwa moja, maji yakikaa ndani siku nyingi yanayavuta nje kidogo kidogo, yakishatoka yanageuza maji yale kuwa na nguvu kama ya sabuni kali, na maji ya namna hiyo nayo yanaanza kuula mchanga wenyewe uliobaki. Maji machache yaliyosahaulika chini ya vasi ni mabaya kuliko vasi lililojaa, kwa sababu makali yanakusanyika mahali padogo. Mwisho wake uso wa kioo umechimbika vijishimo vidogo, mwanga ukipiga unatawanyika, wewe unaona ukungu. Hapo hakuna uchafu wa kuosha, kilichopo ni upungufu, kioo kimepotea. Na mashine ya kuoshea vyombo ndo inafanya hivyo hivyo kwa haraka, maji ya moto, dawa kali ya alkali, muda mrefu, ndo maana nimekukataza mwanzoni kabisa.

Utajuaje lako ni lipi? Jaribu ifuatavyo. Acha vasi likae chumbani mpaka liwe na joto la chumba, usilitoe kwenye gari la baridi ukalimwagia maji ya moto, kioo kinene cha matabaka kina mvutano ndani yake, nje kikipanuka na ndani bado baridi kinapasuka mikononi mwako. Weka maji ya vuguvugu na siki nyeupe nusu kwa nusu, au kijiko cha unga wa asidi ya limao, acha usiku kucha, asubuhi sugua kwa brashi laini ya chupa, suuza na ulikaushe kabisa kabisa kichwa chini. Kama ni chokaa utaona imepungua, pengine ulisikia hata vipovu vikichemka, rudia mara moja au mbili itaisha. Chumvi, mchanga, waya wa kusugulia sufuria, hivyo hapana, vinaacha mikwaruzo ambayo ni ya milele. Na kama siku moja utapata kile cha Isle of Wight chenye karatasi za dhahabu na fedha kwa nje, wanakiita Azurene, kile pambo liko juu ya uso, siki isikifikie nje na usikisugue.

Kama baada ya hapo ukungu unapotea vasi likiwa na maji na unarudi vilevile likikauka, ni ugonjwa. Hapo ndipo wauzaji wengine wanapopaka mafuta ndani, mafuta yanajaza vijishimo, kioo kinang'aa siku ya kuuza, ukiosha kwa sabuni ukungu huo hapo, nashuku sana ndicho kilichotokea kwako. Ndo maana ukinunua peleka kidole ndani, kikitoka na utelezi weka chini uondoke. Dawa ipo lakini sio ya nyumbani, kuna wataalamu wanaong'arisha ndani kwa mashine inayozungusha chombo kikiwa na chembe za shaba na unga wa kusagia, siku kadhaa, wanaondoa tabaka jembamba mpaka wafike kioo kizima. Inasaidia sana ukungu ukiwa mwepesi, ukiwa mzito matokeo hayana uhakika, na gharama inaweza kuzidi thamani ya vasi. Kwa Mdina ya kawaida mimi nisingelipeleka, ningelipanga kwenye rafu lilivyo, ukungu wa ndani kwenye kioo kinene chenye rangi nyingi hauonekani sana ukiwa hatua mbili mbali. Mtu akikushauri asidi ya haidrofloriki, anayo au anajua inapopatikana, mkatae kabisa hata kama ni rafiki, asidi hiyo inapenya ngozi mpaka mfupani na imeshaua watu.

Kuna wakati picha na maelezo havitoshi na inabidi mtu akishike chombo. Ukiona ufa, hata mdogo kama unywele, usiendelee kuosha, mpelekee mhifadhi wa kioo na keramiki. Ukipata kipande unachohisi kina thamani kubwa, saini ya jina la mtu, umbo la ajabu, kipeleke nyumba ya mnada siku zao za tathmini, nyingi wanaangalia bure, ila usiuze siku hiyo hiyo. Na ukipata nafasi nenda makumbusho ya Victoria and Albert London, au Stourbridge kuna makumbusho ya kioo yamefunguliwa 2022, ukae mbele ya kabati uangalie tu. Jicho linajifunza kwa kuona vingi vizuri, hakuna njia ya mkato hapo.

Kuhusu kuendelea, endelea dada, tena kwa moyo wote. Nakuomba tu usikusanye kama mtu anayeweka akiba benki, bei za kioo zinapanda na kushuka kwa mitindo. Kusanya unachokipenda, kizima, kisicho na ukungu, bora vipande vitano unavyovijua kuliko hamsini vya kukisia. Mavasi yasikae dirishani juani, hasa ya mviringo au yenye maji, yanaweza kukusanya mwanga mahali pamoja na kuunguza pazia. Ukiweka maua badilisha maji kila siku mbili. Na siku ya kurudi Dar yapande nawe kwenye begi la mkononi, jaza nguo ndani ya vasi, funga kanga mbili tatu nje, usiyabane kwa nguvu, na kule pwani usiyafungie kabatini yakiwa na unyevu.

Pia usidhani kioo cha studio kinaanzia na kuishia Ulaya. Nje ya Nairobi, Kitengela, Nani Croze na baadaye mwanawe Anselm wamejenga karakana ambako vioo chakavu vya madirisha vinayeyushwa na kupulizwa upya, na Arusha pale karakana ya Shanga mafundi, wengi wao watu wenye ulemavu, wanapuliza chupa zilizotumika. Ukinunua pale unamwona aliyelitengeneza, unaweza kumuomba aandike jina na mwaka, ukatunza na risiti. Shida yote uliyoipata na hili vasi, ya nani na lini, inakuwa haipo.

Fanya lile zoezi la siki kwanza, kisha nitumie picha tatu: kitako kwa mwanga wa pembeni herufi zionekane, mdomo kwa karibu, na ndani likiwa limekauka siku nzima. Weka na urefu wake kwa sentimita.